Kadi ya Sitini na Moja

Sidi mwanangu,

Siku nitakayokufa mimi Karisa, kompyuta zote za Malindi zitajizima dakika tatu kwa heshima, kisha zitawaka zenyewe na kuulizana nani atazibembeleza sasa. Usicheke. Nani mwingine Muyeye nzima aliacha shule kidato cha pili na bado mahedimasta wanambishia hodi? Nani alijifunza kuandika programu kwa Kitaliano kabla hajajua Kiingereza cha kuombea maji ya kunywa? Babako. Na sura pia ninayo, ila hiyo nilikugawia wewe, ndiyo maana siku hizi naonekana nimepungua.

Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Junju kumuaga bibi yako, na najua mtarudi na korosho na mihogo ya kulisha bweni zima. Umeme umekatika, saiba, hili duka langu la kompyuta, halina mteja, nami nimekaa kwenye kiti cha wateja nikiandika kwa kalamu kama karani wa zamani. Mwandiko wangu uusamehe. Vidole hivi vimezoea kubonyeza.

Mambo ya kuanika shuka, kufunga mlango na kutokula ovyo njiani, mama yako ameyamaliza. Yaliyobaki ameyaandika kwenye karatasi akaisokomeza ndani ya kiatu chako cha kushoto, nimemwona. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la hiyo miwani iliyo puani mwako.

Jumapili, wageni walipokuja kukuombea safari njema, ulisimama na soda mkononi ukawachekesha. Ukasema, "Mimi ningekuwa nimeshaenda mwaka jana, lakini darasa la tatu nilikuwa na mwalimu aliyeninyima hata kadi ya daktari wa macho."

Shangazi yako akadakia, "Yule wa bara?"

"Yule yule. Mwalimu Mutheu."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikapiga na meza. Tangu hapo kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikimeza tonge la ugali hakishuki.

Kesho unapanda basi kwenda Eldoret kusomea kompyuta. Sitaki uende na uongo ule ndani ya sanduku. Lakini pia nataka urudi Desemba ukiniita Baba kwa sauti ile ile ya siku zote. Hayo mawili sijui kama yatakaa nyumba moja. Basi acha nianzie mbali, unavyonijua.

Unamkumbuka Babu Renzo, yule mzee Mtaliano mwenye vyumba vya wageni vitano kule karibu na ufuo? Mimi nilikuwa kijana wake wa kila kitu. Nilitandika vitanda, nilifagia vyumba, nilipokea wageni na kuwadanganya kwamba samaki ni wa leo. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa akifungua laptopu yake kuukuu akanionyesha programu. Yeye huko kwao alikuwa mtu wa mitambo, na hapa alikuwa hana wa kuzungumza naye mambo hayo. Wenzangu walijifunza Kitaliano cha kuuzia vinyago. Mimi nikajifunza Kitaliano cha kuiamrisha mashine.

Jambo la kwanza kunitoa jasho lilikuwa renji. Maprofesa wako watakupamba nayo maneno, lakini mimi nakupa kavu kavu. Unaipa mashine namba ya kuanzia na namba ya kukomea, nayo inakuzalia zote za katikati, moja baada ya moja, bila wewe kuziandika. Ukitaka iruke mbilimbili, inaruka. Ukitaka irudi kinyumenyume, inarudi, mradi umeiambia. Raha tupu. Ila kwa lugha ile niliyofundishwa mimi, ya kuanzia imo na ya kukomea haimo. Ukiiambia kutoka moja mpaka kumi, inakupa moja mpaka tisa, halafu inakutazama.

Nikamwambia Babu Renzo, "Huu ni wizi, mzee. Kumi yangu iko wapi?"

Akanijibu kwa Kiswahili chake kile, "Karisa, wewe natandika kitanda hapa miaka ngapi?"

"Mitatu."

"Mgeni naingia tarehe moja, naondoka tarehe tano. Nalala usiku ngapi?"

"Nne."

"Na tarehe tano?"

"Tarehe tano namfagilia chumba."

"Ecco," akasema, yaani ndiyo hiyo kwa kwao, akafunga laptopu kama mtu aliyemaliza kuhubiri.

Nami nikasema nimeelewa. Sidi, kusema nimeelewa ndicho kipaji changu kikubwa kuliko vyote. Ndicho kilichonitoa shule. Mwalimu wa hesabu alitaka nirudie kidato cha pili, akaniambia kwa upole kabisa, "Karisa, akili unayo, haraka ndiyo inakuponza." Nikamjibu mimi sirudii kitu, hata wimbo sirudii. Darasa zima lilicheka. Nikafunga daftari nikatoka na kicheko chao mgongoni, nikadhani nimeshinda. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Na mashine nayo nikaiendea vivyo hivyo. Siku moja niliiandikia kutoka kumi mpaka moja, nikingoja ishuke. Haikutoa hata namba moja. Haikunung'unika, haikuniambia nimekosea. Ilinyamaza tu kama mama yako akikasirika. Nikaipiga kofi la ubavuni. Kumbe sikuiambia irudi nyuma, nayo kwa kwenda mbele haiwezi kutoka kumi ikakuta moja, basi ikaona hapa hapana kazi, ikakaa. Hilo ulifahamu mapema. Mstari uliokosewa herufi utakupigia kelele, utauona. Renji iliyokosewa namba haipigi kelele. Inakufanyia kazi vizuri kabisa, inakuletea karibu kila kitu, na wewe unashukuru.

Sasa tuje shuleni kwako.

Ulikuwa darasa la tatu, muhula wa kwanza. Hedimasta alikuja hapa saiba akiwa na jasho la wasiwasi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja, siku moja tu, watafunga hema uwanjani. Walimu walikuwa wameshawapima watoto kwa kuwasomesha herufi ubaoni, na walioshindwa majina yao yalikuwa kwenye orodha, watoto sitini. Alitaka kila mmoja apewe kadi yenye namba, jina na saa ya kuingia, maana mara ya mwisho watoto walikanyagana. "Nasikia wewe unaweza kuiambia kompyuta ifanye," akasema.

"Umesikia kidogo," nikamwambia. "Rudi saa kumi."

Nikaandika programu. Nikaweka majina, nikaiambia itoe kadi kutoka moja mpaka sitini. Printa ikalia, kadi zikatoka, nikazihesabu. Hamsini na tisa. Nikahesabu tena, hamsini na tisa. Nikakumbuka kidogo mambo ya Babu Renzo, lakini sikukaa kufikiri kwa nini. Nikafanya kama mama wa mchicha pale sokoni, akishakupimia fungu anakutupia majani mawili matatu ya nyongeza uondoke umeridhika. Nikafuta sitini, nikaandika sitini na moja. Kadi zikatoka sitini kamili. Nikajipigia mluzi.

Kabla sijazifunga, mlango ukafunguliwa. Ni Mwalimu Mutheu, amekuja kwa miguu toka shuleni, viatu vimejaa vumbi. Mwanamke mwembamba, wa Ukambani, hapa kwetu alikuwa na mwaka mmoja tu. Mkononi ana ile orodha, na chini kabisa ameongeza jina moja kwa kalamu.

"Hodi, Baba Sidi. Huyu pia umtilie."

Nikasoma. Sidi Karisa.

"Huyu si wangu?"

"Ni wako."

"Huyu mwanangu amesoma herufi zote siku ya kupimwa. Ameniambia mwenyewe."

"Amesoma, ndiyo," akasema. "Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alisikiliza wenzake wote waliomtangulia, akazishika kichwani. Leo nimempa ubao mpya peke yake, Baba Sidi. Hakuona hata ya juu."

Unajua nilijisikiaje? Fahari ilinipanda kwanza. Herufi zote kichwani, mtoto wa miaka minane! Halafu ikaja hasira, kwamba huyu mgeni anakuja dukani kwangu kuniambia mwanangu ana kasoro. Lakini nikaandika jina lako chini ya majina yote, la sitini na moja. Nikatazama ule mstari wa programu nibadilishe namba, nikaona tayari imeandikwa sitini na moja.

"Imo tayari," nikamwambia mwalimu, kwa madaha. "Mashine yangu ilikuwa inamngoja."

Nikachapisha zote upya. Safari hii sikuhesabu. Nilikuwa nimeshahesabu mara mbili siku ile, na mtu wa sifa zangu hahesabu mara tatu mbele ya mwanamke. Nikazifunga kwa mpira nikamkabidhi. Akasema, "Asante sana, Mungu akubariki." Akarudi na vumbi lake.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa upande wako. Watoto waliitwa mmoja mmoja na kadi zao, wewe ukasimama nje ya hema mpaka kamba zikafunguliwa. Ulikuja nyumbani ukaniambia, "Baba, mimi sikuitwa." Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Kesho yake, Jumatano, nilikwenda shuleni. Wazazi walikuwa wengi, kulikuwa na mkutano wa uji wa watoto. Sikungoja uishe. Nilisimama katikati yao nikanyoosha kidole.

"Kadi sitini na moja nimetoa mimi! Mashine haikosei! Mwalimu huyu kaichukua ya mwanangu kampa mtoto wa mwenzake wa bara!"

Mwalimu Mutheu akasimama. "Nilipozigawa zilikuwa sitini, Baba Sidi. Nilidhani ya Sidi unayo wewe, utampa nyumbani. Asubuhi nilipomwona hana, nilimwomba daktari mara mbili. Akasema bila kadi haingii mtu, foleni ni ndefu."

"Sikiza huyo! Wanakuja hapa kula kwetu, na watoto wetu wanawaacha vipofu!"

Wazazi wakaanza kunguruma. Wengine walikuwa wa bara wenyewe, wakainamisha vichwa. Wengine wetu wakapiga makofi. Nilikuwa mtamu siku ile, Sidi. Kila neno lilitoka limenyooka.

Yeye akanisogelea, akashusha sauti ili nisikie mimi peke yangu. Akasema, "Baba Sidi, tuache haya. Jumatatu madaktari wale wale watakuwa shule ya pili, ile ya kule njia ya soko. Wamesema watampokea mtoto aliyekosewa, mradi mzazi aandike barua fupi kwamba kadi yake haikutolewa. Niandikie mistari miwili. Nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe."

"Niandike kosa lisilo langu?" nikamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Andika wewe, ndiwe uliyeiiba kadi!"

Akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama anayetafuta herufi ubaoni na haioni.

Basi hedimasta, kutuliza wazazi, akamtoa darasani kwako. Muhula ulipoisha akaomba uhamisho. Wewe ukabaki unakisia ubao. Mwisho wa mwaka ulishika nafasi ya chini kabisa, nami nikakugombeza, nikakuita mvivu, hata radio nikakuzimia. Wakasema urudie darasa la tatu. Mimi niliyekataa kurudia kidato nikakushika mkono nikakupeleka ukakae tena na wadogo wako, na ukakubali, ukakunja sketi ukakaa. Miwani uliipata mwaka uliofuata madaktari waliporudi. Siku uliyoivaa ulitoka nje ukasimama, ukasema, "Baba, kumbe mnazi una majani moja moja." Mama yako alicheka. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Mwalimu Mutheu nimemwona mara moja tangu wakati huo, Kilifi, nilipokwenda kununua wino wa printa. Anafundisha ng'ambo ya Mnarani siku hizi. Nilimwona kabla hajaniona, nikageukia duka la mikeka kama mtu anayechagua. Akaja mwenyewe.

"Baba Sidi, hujambo? Ni miaka."

"Sijambo, mwalimu. Shikamoo." Nilimwamkia shikamoo, Sidi, na nadhani tumezaliwa mwaka mmoja.

Akacheka kidogo. Halafu akauliza, "Mtoto anaona siku hizi?"

Hakuuliza kitu kingine. Nikasema, "Anaona, mwalimu. Anaona sana." Akasema, "Namshukuru Mungu," akaenda zake na kikapu chake. Nilibaki pale nimeshika mkeka nisioutaka, mpaka muuzaji akaniuliza kama nimelala.

Sasa ukifika chuo watakuambia usiandike namba ya kukomea kwa mkono, uiulize orodha yenyewe ina watu wangapi, ndipo uitumie. Wakisema hivyo andika, ni kweli. Laiti ningeiuliza orodha, ingenijibu sitini na moja, ningeongeza moja, na wewe ungetoka. Kosa lile lina urefu wa tarakimu moja. Hata wewe utalifanya, tena wiki ya kwanza, na uniandikie ukilifanya nipate kukucheka. Kwa hilo sikuombi radhi sana. Mtu hukosea.

Ninachotaka kukuambia ni kingine, nimekizunguka ukurasa wa nne huu.

Mama yako anaamini ni mwalimu. Bibi yako kule Junju anaamini ni mwalimu. Wewe ulipofika kidato cha nne ukaanza kuandika programu zako, ukanionyesha kwamba ya kukomea haimo, uliniuliza, "Baba, wewe uliijuaje hii?" Nikakuambia hadithi ya Babu Renzo na mgeni wa tarehe tano, ukacheka, ukasema ni nzuri. Sikukuambia niliijua lini.

Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ya wiki ile ile. Jumatano nimepiga kelele shuleni, Ijumaa niko kwa Babu Renzo, ambaye nilikuwa bado namsaidia hata baada ya kufungua saiba, naandika mgeni kwenye daftari. Anaingia leo, anaondoka Jumatatu. Babu Renzo akaniuliza, "Usiku ngapi?" Nikasema, "Nne." Akasema, "Tatu, Karisa. Jumatatu naondoka. Wewe nasahau?"

Nikaiacha kalamu kwenye daftari. Nilitoka pale bila kuaga, nikaja hapa saiba, nikafungua programu, nikaona ile sitini na moja imekaa mwisho wa mstari. Nikaiendesha. Nikahesabu kwenye kioo kwa kidole. Sitini. Nikaandika sitini na mbili, na jina lako likatokea chini kabisa, Sidi Karisa, saa tisa na nusu. Nikalitazama. Halafu nikaifuta programu yote.

Kwa hesabu ya mashine, kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ni siku tatu, Jumatatu haimo. Mimi Jumatatu naihesabu. Ijumaa ningeandika ile mistari miwili, kalamu ninayo, karatasi nimezungukwa nazo. Jumamosi ningeandika. Jumapili nilikaa kanisani nyuma ya Mwalimu Mutheu, viti vitatu, nikaona shingo yake. Na Jumatatu asubuhi nilikupakia kwenye baiskeli kukupeleka shule, nikasahau njia ya kukwepa, tukapita pale njia ya soko. Hema la madaktari lilikuwa limesimamishwa. Watoto walikuwa kwenye mstari na kadi mkononi. Wewe ulikuwa umenishika kiuno, ukakunja macho, ukaniuliza, "Baba, ile nyeupe kubwa ni nini?"

Nilijua ni nini. Nilijua tangu Ijumaa. Nikakuambia ni turubai la mtu wa mahindi, nikakanyaga pedali.

Babako,
Karisa